Mpango wa Siku Mbaya: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Ukikabidhiwa mpango wa mawasiliano ya dharura wa asasi yoyote, usihangaike na dira na dhamira. Nenda kwenye namba za simu, kisha piga moja. Akipokea mtu aliyeacha kazi mwaka juzi, rudisha faili kabatini.

Namba zikiwa hai, angalia orodha ya watakaopewa taarifa. Nani ametangulia? Mipango mingi huanza na wafadhili, ikafuata serikali, halafu waandishi wa habari. Walioumizwa utawakuta mkiani, au hawamo kabisa. Mimi hupimia hapo, na dosari hiyo haifidiwi na ufasaha wowote.

Chukua Oxfam ya Uingereza. Mwaka 2011 ilichunguza mwenendo wa wafanyakazi wake nchini Haiti, waliokuwa huko kufuatia tetemeko la 2010. Wanne walifukuzwa, watatu wakaachwa wajiuzulu, akiwemo mkurugenzi wa shirika nchini humo. Taarifa ikatolewa: kulikuwa na utovu wa nidhamu, ila fedha za msaada hazikuguswa. Tuhuma kwamba baadhi yao walinunua ngono hazikutajwa. Mfadhili amejibiwa swali lake; mwanamke wa Haiti hayumo. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, kwa lugha ya ofisini. Februari 2018 gazeti la The Times likalifunua kombe. Mkurugenzi mtendaji, Mark Goldring, akaliambia The Guardian kwamba kwa ukali wa lawama ungedhani wameua vichanga. Siku chache baadaye alikuwa mbele ya kamati ya Bunge akiomba radhi. Wachangiaji wapatao 7,000 walishajitoa.

Kwa hiyo, ndani ya mpango, soma kwa makini taarifa zilizoandaliwa mapema, za kujaziwa nafasi. Nzuri ina mahali pa kueleza lililotokea, lililompata nani, msaada anaopewa sasa, na saa ya taarifa inayofuata. Hiyo saa ndiyo alama ya fundi, maana asiyejua atasema lini tena huwaachia wengine waseme. Neno “tunalichukulia suala hili kwa uzito” mimi hulikata bila kusita.

Angalia pia kama mpango unasema nani anyamaze. Mkurugenzi mwenye hasira si msemaji, na akituhumiwa yeye mwenyewe lazima iwe imeandikwa ni nani wa bodi atakayeshika kipaza sauti.

Mwisho, angalia viwango vya uzito wa dharura. Mwaka 2011 mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani alituma kimakosa ujumbe wake binafsi kuhusu bia kwenye akaunti ya Twitter ya shirika. Wenzake waliufuta, wakatania kwamba shirika halijalewa na funguo zimechukuliwa. Wapenzi wa bia hiyo wakaanza kuchangia. Mzaha ulipita kwa sababu hakuna aliyeumia. Mpango usiojua tofauti ya kisa hiki na kile cha Haiti utaitisha kikao cha bodi kwa ajili ya bia, na kuwatuma waliodhulumiwa kwa ofisa habari.