Mpaka katika Kusadikika na Mpaka wa Migori

Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) kama kitabu cha sheria na dhuluma. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Wajumbe sita anaowatetea Karama walitoka nje ya mipaka ya nchi yao, wakarudi na maarifa ya majirani, wakatiwa gerezani kwa ajili hiyo.

Msomaji wa Awendo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo kwa marefu. Kusini ya mji wake umepita mpaka uliopatanwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, unaofika Ziwa Viktoria katika latitudo ya digrii 1 kusini. Wajaluo na Wakuria wakagawanyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka huo hadi 1983.

Hapo ndipo upungufu wa kitabu unapodhihirika. Majirani wa Kusadikika ni wageni. Mjumbe huenda kutafuta yasiyojulikana kwao. Mpaka wa Migori umetenga watu wa lugha moja, wanaooana na kuzikana. Avukaye haendi ugenini. Istiari ya Shaaban Robert haina nafasi ya jamaa huyo.

Hata hivyo, mwandishi ameona mbali katika jambo moja: gereza hufunguliwa kwa amri ya mfalme. Mwaka 1983 pia, mpaka ulifunguliwa kwa mapatano ya wakuu, si kwa haja ya mkwe aliyengoja ng'ambo. Mwalimu wa riwaya hii katika Migori hana budi kuanzia hapo.