Kuzama na Kukolea: Obokano wa Wagusii na Michezo ya Video

Katika maelezo juu ya michezo ya video, hali ya mchezaji aliyesahau saa na njaa aghalabu huelezwa kwa vitenzi viwili: kuzama na kutekwa. Vitenzi hivi havina budi kupimwa. Azamaye majini hutoweka machoni pa watu, na asipoopolewa hufa. Mateka naye hana hiari. Hivyo, kabla hoja yoyote haijatolewa, lugha yenyewe imekwisha kumhukumu mchezaji kuwa ni mtu aliyepotea.

Obokano, ala ya nyuzi nane ya Wagusii wa Kisii na Nyamira, yatoa kipimo kingine. Mpigaji huketi nyuma ya bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, akarudia mzunguko uleule wa sauti nzito yenye mvumo, huku akiimba. Amtazamaye kwa mbali atasema amezama. Lakini maneno yake yanakanusha jambo hilo: humtaja mwenyeji, husifu, huonya, na hurefusha sifa pale anapotuzwa. Vidole vimejisahau, ila sikio limebaki kwa watu. Jambo hili lina kasoro yake pia, kwani tuzo yaweza kumvuta mwimbaji asifu asipostahili kusifu.

Mwaka 1975 Mihaly Csikszentmihalyi, aliyechunguza wapanda miamba, wacheza sataranji na wapasuaji, alieleza kwamba mtu humezwa na shughuli pale ugumu wake unapolingana na uwezo alio nao. Nadharia hii yaeleza vyema vidole vya mpiga obokano. Ulimi wake hauelezi kwa ukamilifu, maana ulimi huo huongozwa na wasikilizaji.

Kiswahili kina usemi unaofaa zaidi: ngoma imekolea. Kiima hapa ni ngoma, wala si mtu. Kama chumvi ikoleavyo mchuzini, mnogo umeenea katika kitu kilichotengenezwa na wengi, na hakuna aliyetoweka. Kunogewa, kwa upande wake, humrudisha mtu kuwa kiima bila kumzamisha.

Tofauti hii ina uzito nje ya sarufi. Katika vyumba vya michezo ya video vya mijini nchini Kenya, wawili hucheza kandanda ya skrini huku wengine wakishangilia, wakikosoa na kungoja zamu. Mashine haiwasikii, lakini mchezaji huwasikia. Hapo mchezo umekolea. Kijana aliye peke yake na simu usiku kucha, akaacha shule na chakula, huyo ndiye afaaye kusemwa amezama. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa maradhi ulioanza kutumika mwaka 2022, halikufanya mvuto wa mchezo kuwa ndio ugonjwa. Lilitazama kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine, na kuendelea nao licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi.

Mhakiki atumiaye kuzama kwa hali zote mbili humtia mgonjwa na mwenye furaha katika kapu moja, na kwa kipimo hicho mpiga obokano naye angehesabiwa mgonjwa. Yafaa basi kuzama kubakizwe kwa aliyekatika na wenziwe, na kukolea kutumike pale ambapo mchezo, kama ngoma, umewaunganisha watu.