Wageni Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Katika mchezo wa masimulizi uitwao Call of Cthulhu, alioutunga Sandy Petersen na uliotolewa Marekani mwaka 1981, mmoja husimulia kisa cha kutisha na wengine huigiza wahusika wake. Kila mhusika ana alama za utimamu wa akili, nazo hupungua aonapo vitisho. Katika michezo ya jinsi hii hupendwa kisa cha watu wasiofahamiana, waliofungiwa mahali pamoja huku ulimwengu ukikoma nje.

Wako watakaouhukumu mchezo huu kwa ajili ya mazimwi yake. Upungufu wake, kwa maoni yangu, hauko huko. Unasema kweli kwamba siku ya mwisho humfunua mtu. Bali huhesabu hofu pasipo kulihesabu tumaini.

Matendo ya Mitume 27 yana kisa kama hicho: watu 276 merikebuni, katika tufani ya siku 14. Mabaharia wanataka kutoroka. Askari wanataka kuwaua wafungwa. Paulo, naye mfungwa, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, na wote wanakula. Hakupotea hata mmoja.

Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona, madereva wa mataifa mbalimbali walikwama Tunduma. Mchezo ungeuliza: nani atapona? Kanisa halina budi kuuliza: nani ataumega mkate? Vijana wetu tusiwakataze kucheza. Tuwafundishe swali hili la pili.