Bati, Saruji na Udongo: Tuyapime Maneno ya Mwalimu

Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kitabu kidogo cha kulipima Azimio hilo, nacho kikaitwa Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Wengi wanakikumbuka kwa sababu mwandishi hakujisifu. Alikiri waziwazi kuwa nchi yake haijawa ya kijamaa na wala haijajitegemea. Lakini ndani yake mna maneno mengine ambayo hayatajwi sana, nayo yanahusu jambo linalomgusa kila mwenye mke na watoto: nyumba ya kukaa.

Mwalimu alilalamika kwamba watu wameshikwa na mapenzi ya saruji na bati mpaka akili zao zimepooza. Hoja yake ilikuwa kwamba saruji asili yake ni udongo tu, ila watu wanauona kuwa ni udongo wa Ulaya, na kwa hiyo wanauheshimu kuliko udongo ulio chini ya nyayo zao. Akasema paa la vigae ni bora kuliko la bati, na matofali ya kuchoma yanatosha kabisa kwa nyumba nzuri, lakini mtu yuko radhi akae miaka katika kibanda kibovu akingojea bati, kuliko kujenga leo kwa alicho nacho.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja huenda akauliza: hayo ya mtu wa Butiama, huko Mara karibu na Ziwa Nyanza, yanatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yanatuhusu sana. Ugonjwa alioutaja upo katika mitaa yetu, na dawa aliyoitoa inafaa ichunguzwe kabla hatujainywa. Maneno ya mtu mkubwa hayapati haki yake kwa kusifiwa tu. Haki yake ni kupimwa.

Tuanze na lililo lake. Mwalimu hakuwa mtu wa kuwaambia wengine wakanyage tope naye amevaa viatu. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, msomi wa shahada katika wakati ambao Waafrika wenye shahada katika Tanganyika walikuwa wakihesabika kwa vidole, alikwenda kwao Butiama akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake mwenyewe, miezi michache kabla ya harusi yake ya Januari 1953. Mtoto wa Chifu Burito, tena aliyesoma Ulaya, kuonekana akichanganya udongo na maji, lilikuwa jambo la kushangaza machoni pa watu. Kwa hiyo aliposema mwaka 1977 kuwa udongo si aibu, alikuwa amekwisha kulitenda mwenyewe miaka 25 nyuma.

Na ugonjwa alioutaja ni wa kweli. Nani kati yetu hamjui kijana aliyeahirisha nikaha yake mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hajamaliza kupiga lipu? Nani hamjui baba aliyekopa mpaka akaaibika, ili mlangoni pake paonekane nguzo mbili za saruji zisizobeba kitu? Nyumba imewekwa iwe sitara na utulivu. Ndivyo Mwenyezi Mungu anavyotukumbusha katika Surat An-Nahl, anapozitaja nyumba kuwa ni mahali pa kutulia, na katika aya hiyo hiyo akataja nyumba za ngozi ambazo msafiri huzibeba bila taabu. Hema la ngozi na nyumba ya mawe zimetajwa pamoja katika neema moja. Basi mwenye kuidharau nyumba ya jirani yake kwa kuwa ni ya udongo, ajiulize dharau hiyo ameitoa wapi.

Hapo tuko pamoja na Mwalimu. Lakini yako mambo manne ambayo maneno yake hayakuyatimiza.

La kwanza ni moto. Tofali la kuchoma na kigae havitoki katika udongo peke yake. Hutoka katika udongo na kuni. Tanuri hulishwa magogo usiku na mchana. Mtu mmoja akichoma matofali yake hakuna kitakachoonekana, lakini wilaya nzima ikichoma, vilima vinabaki uchi. Anayekwenda kwa njia ya Bunda hadi Musoma anaiona nchi ya mawe ya matale na miti ya kuhesabu, na mwanamke anayetafuta kuni za kupikia huko anashindana na tanuri la jirani yake. Nyumba iliyookoa fedha za saruji ikaumaliza msitu, haikuwa ya rahisi. Gharama yake imehamishiwa kichwani mwa mama mwenye mzigo wa kuni, na baadaye kwa mkulima ambaye udongo wake umechukuliwa na mvua. Sisi wa pwani tusijitoe katika lawama hii. Chokaa yetu nayo ilichomwa kwa magogo, na boriti zetu zilikatwa mikokoni.

La pili ni maji. Mwalimu aliliona bati kama pambo la mtu aliyetawaliwa akili. Lakini mwulize mama wa nyumba kwa nini anataka bati, na mara nyingi hatakujibu habari za Ulaya. Atakuonyesha mfereji na pipa. Paa la nyasi halimpi maji ya mvua yaliyo safi, na bati linampa. Tena nyasi huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka, nalo shamba la nyasi siku hizi limekuwa shamba la watu. Ni kweli bati lina joto la kuoka mchana, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Lakini mtu aliyepunguziwa safari za kwenda ziwani na ndoo kichwani hakupooza akili. Amepiga hesabu yake, na hesabu hiyo ilistahiki kusikilizwa kabla ya kukemewa.

La tatu ni salama ya kukaa. Anayejenga kwa udongo na kupanda miti anafanya kazi ya mtu atakayekuwapo. Ukuta wa udongo hutaka kupakwa kila mwaka, na mti hutaka miaka kumi ndipo utoe kivuli. Sasa tukumbuke kuwa kitabu hiki kilitoka mara tu baada ya amri ya 1973 iliyotaka watu wote wa vijijini wawe katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976. Mahali pengi nchini, na Mara ikiwamo, watu walihamishwa kwa nguvu, wakayaacha maboma yao na miti waliyoipanda baba zao. Mtu aliyehamishwa jana utamwambiaje leo ajenge nyumba nzuri ya udongo na kuzungusha bustani? Moyo wake unamwambia kuwa kesho ataambiwa ahame tena. Huu ndio upungufu mkubwa wa maneno yale: yalimlaumu mwananchi kwa uvivu wa fikira, wala hayakutaja kuwa serikali ndiyo iliyoing'oa mizizi ambayo ujenzi wa namna hiyo huota juu yake.

La nne ni sheria. Mapenzi ya saruji hayakuanguka kutoka mbinguni. Wajerumani kwa sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1914 waliigawa Dar es Salaam kwa kufuata aina ya nyumba, na Waingereza wakaiendeleza njia hiyo: hapa nyumba za namna ya Kizungu, pale za biashara, kule za kienyeji. Nyumba ya udongo ikawa ni alama ya mtu wa daraja la tatu. Baada ya uhuru rangi za watu ziliondoka katika sheria, lakini daraja za nyumba zilibakia katika vichwa vya watu na katika maofisi. Shule ya serikali ni saruji, zahanati ni saruji, ofisi ya chama ni saruji. Mtoto akikua anaona kila penye heshima pana saruji, kisha akilitamani analoliona anaambiwa amepooza akili! Na huko huko Butiama, Mwitongo, katikati ya yale majabali makubwa ya matale, Mwalimu alijengewa na Jeshi nyumba kubwa ya kisasa, ambayo hakupata kukaa kwa muda mrefu kabla ya kufariki dunia London, Oktoba 14, 1999. Hatumlaumu kwa zawadi aliyopewa. Tunasema tu kwamba taifa lililomwambia mwananchi ajenge kwa udongo, lilipotaka kumheshimu mwananchi wake mkuu, halikumjengea ya udongo.

Je, tuseme basi Mwalimu alikosea, na saruji ndiyo haki? Hasha. Tutazame mfano ulio karibu na nyoyo zetu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, nguzo zake zikiwa magogo ya mitende na paa lake makuti. Sayyidna Umar alipoupanua aliurudisha kwa vitu vile vile. Sayyidna Uthman alipoupanua akajenga kwa mawe ya kuchonga na chokaa, na paa la msaji. Zote hizo zimepokewa na Bukhari. Yatupasa tuyashike mawili humo. Msikiti ule wa udongo haukupungukiwa na heshima hata siku moja. Na uliojengwa kwa mawe haukuzidi utukufu kwa ajili ya mawe. Kila mmoja alijenga kwa mahitaji ya wakati wake. Kitu kinachotumika katika ujenzi si dhambi na si ibada. Kinachoulizwa ni nia, haja, na madhara yanayowafikia wengine.

Tukishika mizani hiyo, pwani nayo inasomeka vizuri. Wazee wetu hawakujenga kwa matumbawe na chokaa kwa kuwa walikuwa washairi wa mazingira. Walijenga kwa kuwa ndicho kilichokuwapo, na wakakijua kitu chao: kuta nene zinazokataa joto, ua wa ndani unaovuta upepo na kuwasitiri wanawake, baraza ya nje ya kupokelea wageni ili watu wa ndani wasisumbuliwe. Leo tunaupaka ukuta huo wa chokaa kwa saruji, tukidhani tumeuimarisha. Chokaa huvuta pumzi. Unyevu huingia na kutoka. Saruji huuziba unyevu ndani, ukuta ukaumwa kimyakimya, na baada ya miaka lipu inabanduka pamoja na jiwe. Kisha tunasema nyumba za zamani hazina nguvu. Tena kichekesho ni hiki, kwamba saruji iliyoanza kutengenezwa Wazo Hill, nje ya Dar es Salaam, mwaka 1966 hutokana na mawe ya chokaa ya pwani yetu hii hii. Udongo wa Ulaya uko wapi hapo? Hoja ya Mwalimu ilikuwa na nguvu zaidi kuliko alivyoisema.

Dawa iko katikati. Siku hizi Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioundwa Tanzania mwaka 2001, umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana, ambayo ni udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, kwa hiyo hayali msitu. Mtu wa Mara mwenye mawe ya matale tele kiwanjani aweke msingi wa mawe, ukuta wa matofali hayo, na bati juu lenye mapaa marefu ya kukinga ukuta na mfereji wa kuteka maji. Hapo udongo, jiwe na bati kila kimoja kimefanya kazi yake, na hakuna aliyekopa kwa ajili ya macho ya watu.

Wala nyumba haiishi ukutani. Baridi ya nyumba huanzia kwenye mti uliopandwa upande wa jua la jioni, na sitara huanzia kwenye ua wa minyaa. Majabali ya Mwitongo hayakuondolewa kwa baruti ili kiwanja kinyooke. Nyumba zilipishana nayo, na hilo ni funzo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa kitabuni. Kwetu pwani, mtu akipata kiwanja jambo la kwanza ni kuukata mwembe, kisha anunue feni. Na ilhali tumekwisha kufundishwa kuwa mti anaoupanda Muislamu, akila humo mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujachimba msingi keti na mama watoto na umuulize maswali haya: Tunajenga kwa haja au kwa kuonekana? Maji tutayapata wapi? Joto litatokea wapi? Ni mti gani utakaobaki? Na deni hili litalipwa na nani iwapo nitakufa kesho? Mwenye kuyajibu kwa ukweli atajenga nyumba nzuri, iwe ya udongo, ya matumbawe au ya saruji. Na viongozi nao, kabla ya kutulaumu kwa tunavyovitamani, watazame kwanza walivyovijenga mbele ya macho yetu.