Tamati Mbili za Xala

Kwa kuwa Ousmane Sembène ndiye mwandishi wa riwaya ya Xala (1973) na pia mwelekezi wa filamu yake (1975), ni rahisi kudhani kwamba kazi hizi ni moja. Sivyo. Riwaya imeandikwa kwa Kifaransa. Katika filamu, El Hadji, mfanyabiashara wa Dakar aliyerogwa akapoteza nguvu za kiume, anazungumza Kifaransa naye bintiye Rama anamjibu kwa Kiwolofu. Mgogoro wa lugha unasikika bila kuelezwa. Hapo filamu imeipiku riwaya. Tamati, hata hivyo, imepunguziwa makali. Filamu inaganda kwenye mwili wa El Hadji uliotapakaa mate ya ombaomba. Riwaya inatoka nje, ambako askari wanainua bunduki tayari kufyatua. Mtazamaji anaondoka na fedheha ya mtu mmoja. Msomaji anaachwa akiwahofia ombaomba wenyewe.