Kiitikio Kilichocheleweshwa: Ndoto za Wanyonge katika "Don't Stop Believin'"

Wimbo "Don't Stop Believin'" wa bendi ya Journey ya San Francisco, uliotungwa na Jonathan Cain, Steve Perry na Neal Schon na kutolewa mwaka 1981 katika albamu Escape, huainishwa kuwa wimbo wa kutia moyo, na uhakiki wake mara nyingi hukomea hapo. Kichwa chake kinaruhusu usomaji huo. Cain mwenyewe ameeleza kuwa maneno hayo aliambiwa na babake wakati alipokuwa mwanamuziki asiye na kitu. Hata hivyo, fani ya wimbo haikubaliani na wepesi huo.

Aliyelelewa na shairi la kimapokeo la Kiswahili hutarajia kibwagizo tangu ubeti wa kwanza. Katika muziki wa roki vilevile kiitikio huja mapema, kwani ndicho kinachouza sahani. Hapa msikilizaji hungojeshwa zaidi ya dakika tatu katika wimbo wa dakika nne na ushei. Katika kungoja huko anaoneshwa msichana wa mji mdogo na kijana wa jijini, kila mmoja akipanda treni ya usiku wa manane bila kujua aendako. Ukumbi uliojaa moshi. Watu wanaorandaranda chini ya taa za barabarani. Mchapakazi anayerusha dadu mara moja zaidi. Hakuna mwenye jina, wala hakuna anayefika. Iwapo wale wawili walikutana, wimbo hausemi. Ahadi inacheleweshwa kama ujira wa kibarua, na katika ucheleweshaji huo ndimo ulimo ukweli wa wimbo.

Udhaifu wake uko kwingine. Kijana anadaiwa kuzaliwa Detroit ya Kusini, mahali pasipokuwapo: kusini mwa kitovu cha jiji hilo kuna mto, na ng'ambo yake ni Windsor, Kanada. Perry amesema alivutiwa na mlio wa jina. Hilo si kosa la kumsuta mtunzi. Wimbo si ramani. La kuhojiwa ni kwamba jina limechukuliwa na viwanda vikaachwa. Detroit ya wakati huo ilikuwa ikipunguza wafanyakazi wa magari, na kampuni ya Chrysler ilikuwa imenusuriwa kwa dhamana ya mikopo ya serikali mwaka 1980. Katika "The River" ya Bruce Springsteen, iliyotoka mwaka huohuo wa 1980, kijana wa ujenzi anakosa kazi kwa sababu ya hali ya uchumi, na ndoto yake inaporomoka pamoja na kazi hiyo. Kwa Journey, kushinda na kushindwa ni suala la dadu. Jazanda ya kamari inamwondolea msikilizaji haja ya kuuliza dadu ni za nani.

Aidha, kiitikio kinapowadia hakitaji kitu cha kuaminiwa. Kinachosisitizwa ni kuishikilia hisia. Kisha sauti inafifia taratibu, maneno yakiwa bado yanarudiwa. Tamthilia ya televisheni The Sopranos, ilipofungwa mwaka 2007, haikuuacha ufifie: iliukata katikati ya kiitikio, skrini ikawa nyeusi. Watazamaji wengi walidhani mitambo yao imeharibika.