Sikio Nyuma ya Ukuta: Nyumba ya Mganga katika Madame Bovary

Wengi wetu tunaposoma Madame Bovary (1857) tunamwona Charles kuwa bwege tu. Semina nzima hupita tukimcheka: kofia yake, mazungumzo yake yasiyo na chumvi, jinsi anavyomwabudu mke asiyempenda. Uhakiki wote anauchukua Emma. Katika makala haya nataka kumtazama Charles upande wa kazi yake. Huyu bwana ni mganga, ana wagonjwa. Swali langu ni hili: Charles anapoingia chumbani kwa mgonjwa, anaingia na nani?

Tukizungumzia familia na matibabu, kwa kawaida tunaitazama familia ya mgonjwa: ndugu waliojaa wodini, shangazi anayekataa operesheni, mume anayejibu maswali aliyoulizwa mkewe. Sawa. Lakini Gustave Flaubert anakigeuza kioo. Kwake daktari naye katoka kwa watu, na hao watu hawabaki nyumbani. Mwandishi hakulibahatisha jambo hili. Baba yake alikuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Rouen, na kaka yake naye akawa daktari.

Tuanze na mama. Charles anafeli mtihani wa uganga siku ileile wanayomsubiri nyumbani kumpongeza. Anasimama mwanzo wa kijiji, anaagiza mama yake aitwe, anamweleza yote. Mama anawalaumu watahini, na baba haujui ukweli mpaka baada ya miaka 5. Mama huyohuyo ndiye anayemtafutia mahali pa kufanyia kazi, Tostes, na pia mke wa kwanza, mjane Héloïse wa miaka 45 mwenye mapato yake. Yaani kituo cha kazi na ndoa vimepikwa katika chungu kimoja. Na hata alipofaulu, Charles hakuwa daktari kamili. Alikuwa na cheo cha chini kilichowekwa kwa sheria Ufaransa mwaka 1803 na kufutwa 1892, tuseme karibu na tabibu wa zahanati kwetu.

Héloïse ana wivu si mchezo. Anafungua barua za mumewe, na wagonjwa wanawake wakiingia kutibiwa, yeye anatega sikio nyuma ya ukuta. Mwandishi analipitisha jambo hili haraka kama mzaha, nasi tunacheka tukifunua ukurasa. Lakini hebu tumfikirie mwanamke yule aliyekuja kueleza maradhi yake. Anadhani siri iko kati ya watu wawili, kumbe wako watatu! Tena Charles anapomtibu mzee Rouault aliyevunjika mguu, na mzee akaanza kujaribu kutembea baada ya siku 46, Héloïse anagundua kuwa huko shambani kuna binti. Anamwapisha mumewe juu ya kitabu cha sala asikanyage tena. Ratiba ya mganga sasa inapangwa na wivu. (Wivu wenyewe, tukubali, haukukosea njia: binti ndiye Emma.)

Kilele kwangu ni mguu wa Hippolyte. Huyu ni mtumishi wa zizi la farasi katika nyumba ya wageni huko Yonville. Mguu wake umepinda, lakini anaenda nao mbio bila shida. Hajaomba kutibiwa. Mfamasia Homais ndiye aliyesoma habari za mbinu mpya ya kunyoosha miguu ya namna hiyo, na Emma akaona hii ndiyo nafasi ya mumewe kupata jina na fedha. Ana sababu yake ya siri pia: anataka angalau mume wa kumheshimu. Basi kijiji kizima kinamzonga Hippolyte, na kinachomkamata hasa ni kwamba hatalipa kitu. Hata kifaa atapewa bure. Wazo hilo la ukarimu ni la Emma, na Charles anajisemea moyoni kwamba mkewe ni malaika.

Hatutajiwi mke wa Hippolyte, wala mama, wala ndugu wa kusema "ngojeni kwanza". Mganga ana familia kupita kiasi, mgonjwa hana hata mtu mmoja. Usiku wa baada ya upasuaji ndio usiku mtamu kuliko karibu zote za ndoa ile. Wanaota mali pamoja, na Emma anamtazama mumewe akaona hata meno yake si mabaya. Siku chache baadaye mguu umeoza, na Daktari Canivet anaitwa kuukata pajani. Kilio kinasikika mpaka nyumbani kwa Bovary, ambako mke anawaza aibu yake mwenyewe, naye mume anaomba busu.

Najua wapo watakaosema kuwa hapa tatizo ni tamaa ya tabaka la mabwanyenye, familia ni pazia tu. Sikatai, na Homais ni ushahidi wao mzuri. Ila nauliza: tamaa hiyo ilimfikiaje Charles, mtu asiye na makuu, ambaye kwa kuogopa kuua alikuwa akitoa hasa dawa za kutuliza? Ilimfikia mezani kwake, kwa sauti ya mtu anayempenda. Baadaye Emma anapougua baada ya kuachwa na Rodolphe, Charles anakaa kando ya kitanda siku 43 na kuwatelekeza wagonjwa wake wote. Tunaliita hilo pendo. Hao wagonjwa, riwaya haituambii walikwenda wapi.

Lawama yangu kwa Flaubert ni hapo. Amempa Hippolyte kilio, na maneno machache tu. Anampa mguu wa mti wa faranga 300, zawadi ya Emma, na kila Charles anapousikia kwa mbali ukigonga mawe ya barabara, anakata njia nyingine.